Besi Iko Wapi

Bei: laki nane na sitini. Naiandika hapa
kwa sababu mdomoni haitoki.
Stumai wa mapokezi aliponiuliza nilisema elfu sitini,
akashika kifua: "Sitini! Waya tu?"

Zamu yangu ya mchezo ilifika Ijumaa.
Jumamosi nilikuwa Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili,
kwa kijana mmoja asiyeita wateja.
Akafungua kiboksi taratibu, kama anafunua mtoto aliyelala.
Waya umesukwa twende kilioni,
vidude viwili vya chuma, vizito kuliko ukubwa wake,
na vijipira vya masikioni, jozi tatu.

Nikajaribu vyote chumbani, Tabata Kimanga, mlango nimefunga.
Sikio la kulia likakubali cha kati.
La kushoto likataka kidogo kabisa.
Miaka arobaini na miwili nimeyavalisha hereni
nikiyaita mapacha.

Halafu nikabonyeza.

Nini hiki?
Chai ya rangi isiyo na sukari.
Besi iko wapi?
Vile vya elfu tano, vya machinga wa Ubungo,
vilinipiga ngumi za kisogo kila wimbo,
meno yakitetemeka, nami nikaita hiyo raha.
Hivi vipya vimekaa mbali, vimekunja nne,
vinanisomea muziki kama mimi ninavyosoma mizigo ofisini:
kontena hili, kontena lile, kila kitu na stika yake.

Usiku wa kwanza nikavirudisha kwenye kiboksi.
Wa pili nikalala navyo, kwa hasira ya pesa.
Wa tatu umeme ukakatika, feni ikafa,
jenereta ya kina Kisamo ikaanza kukohoa dirishani,
nikavivaa ili kujificha tu.

Na hapo, kwenye wimbo niliodhani naujua,
mtu akavuta pumzi.
Mwimbaji, kabla ya neno.
Nilivichomoa nikageuka nyuma.

Sikio halipiti kichwa, tulifundishwa.
Wiki ile kichwa kiliburutwa na sikio,
kikiulizwa: na hili hukulisikia? Na hili?
Kidole kinateleza kwenye uzi wa gitaa.
Kiti kinalia. Mtu anabana kikohozi.
Besi nayo ilikuwepo, chini,
imetulia kama maji ndani ya simtanki.
Haigongi mlango. Inakaa.

Siku ya sita nikaweka bendi ya kiwanda,
mkanda ule ambao Nzowa alinihamishia kwenye simu.
Gitaa la pili: Chilongani, baba yangu, miaka ishirini na minne,
ambaye amekula kiapo mbele ya watoto wake wote
kwamba hajawahi kuchelewa, hata nukta.

Ubeti wa tatu, baba amechelewa.
Kidogo. Kama mtu anayepandisha suruali
kabla ya kuvuka dimbwi.
Na mmoja wao, mbali na kipaza sauti, anacheka.

Nilicheka naye gizani mpaka mwanangu akaja na tochi.

Jumapili nikaenda Kigogo.
Nikamvalisha mwenyewe: cha kati, cha kati.
Yake ni mapacha kweli.
Akafumba macho. Vidole vya kushoto
vikaanza kubana nyuzi juu ya paja, juu ya msuli uliopauka.
Mimi nahesabu beti.
Kwenye wa tatu, pale pale,
vidole vikasita, vikavuka dimbwi.

Hakusema lolote kuhusu hilo.
Alivichomoa, akavipima kiganjani
kama maharage anayoyatilia shaka,
akasema kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia vizuri:
"Vinalia vyembamba. Besi iko wapi?"

Nikamwambia akae navyo wiki.
Akauliza bei.
Nikasema elfu tano.